Bibi Oddlaug Akataa Kukalishwa

Jamani watu wa Hellevika, na wewe msomaji uliye mbali na ghuba yetu, nina habari ya nyumba moja. Hakuna mlevi ndani yake, hakuna mwizi, hakuna anayempiga mwenzake. Ni nyumba ya watu wema kupindukia, na ndiyo maana inanitisha. Mwovu ukimwona unafunga mlango, lakini mwema anaingia na keki mkononi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, vuli inaelekea ukingoni. Maji ya ghuba yalikuwa yametulia kabisa na moshi wa kuni ulipanda wima kutoka kwenye kila dohani. Jikoni kwa Bibi Oddlaug Myklestad birika la kahawa lilikuwa limeshachemka, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nyumba yetu inatazamana na yake, na mimi nimezoea kuingia kwake bila kubisha tangu sijaota magego, kwa hiyo nilikuwepo, nimekaa kimya kama niko kanisani.

Kwa miaka mitano, kila Jumamosi, Bibi Oddlaug alimeza kidonge kimoja cha mifupa. Alikimeza tumbo tupu kwa glasi kubwa ya maji, kisha nusu saa nzima asilale, asile na, adhabu kubwa kuliko zote kwa mtu wa huku kwetu, asinywe kahawa. Muda huo aliutumia kuizunguka meza huku amelikazia birika macho. Ukimsemesha, ulijibiwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana mama yangu atasoma.

Siku hiyo kilikuwa kidonge cha mwisho. Nusu saa ilipotimia alijimiminia kikombe, akanywa taratibu, akavuta pumzi kama mtu aliyetoka jela.

"Basi," akasema. "Mimi na mifupa yangu tumemalizana."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Kwa sababu daktari hakusema hivyo. Wiki moja kabla, Daktari Vigdis alimketisha Bibi Oddlaug pamoja na binti yake Solfrid, mwalimu wa hesabu kule mjini, akawaeleza polepole. Vidonge vimefanya kazi yake, alisema, na dawa yenyewe inabaki ndani ya mifupa kwa muda, ndiyo maana tunaweza kuvipumzisha. Kupumzisha siyo kupona. Baada ya miaka miwili tutapima tena kuona uimara wa mifupa umeshuka au umesimama. Katikati hapo kazi ni yenu: abebe vitu, apande ngazi, ale samaki na maziwa na mayai, anywe mafuta yake ya ini la samaki, na achunge asianguke.

Maneno ni hayo hayo, lakini kila mmoja alitoka na fungu lake. Bibi Oddlaug alichukua neno "vimefanya kazi yake," akaliweka mfukoni kama medali. Solfrid alichukua neno "asianguke," akalala nalo, akaamka nalo. Yale ya katikati, ya kubeba na kupanda na kula, yalibaki pale pale kwa daktari yakisubiri mtu wa kuyachukua.

Jumapili Solfrid alileta keki ya krimu na matunda. Tulikula tukampongeza mgonjwa aliyemaliza ugonjwa. Halafu wema ukaanza.

Kwanza zilikwenda kuni. Bibi Oddlaug alikuwa na miaka sabini na nne, na kila asubuhi alishuka ngazi hadi chumba cha chini ya nyumba, akapanda na kapu la magogo mgongoni. Solfrid akamtafuta kijana wa kuzipanga barazani, karibu na mlango, ili mama asishuke. Kisha ikaenda theluji: trekta la jirani likapewa kazi ya kusafisha njia yake. Kisha kikaenda kitanda, kikateremshwa kutoka ghorofani kuja chumba cha mbele, ili mama asipande. Dukani akawa haendi, vitu vinaletwa mlangoni. Siku ya kuzaliwa kwake ukaja mzigo mkubwa umefungwa utepe: kiti cha ngozi cha kujilaza, ukivuta mkono wa pembeni miguu inanyanyuka yenyewe. Solfrid alilia kwa furaha alipomwona mama yake amezama ndani.

Na sisi wanakijiji hatukutaka kushindwa wema.

Mnajua kila machipuko huku kwetu kuna msaragambo. Theluji ikiyeyuka, kila nyumba inatoa mtu: wengine wanazibua mitaro, wengine wanapaka rangi ukumbi, wengine wanarudisha mawe ya gati yaliyosukumwa na mawimbi ya kipupwe. Hakuna anayelipwa na hakuna anayekosa, kwa sababu atakayekosa atasemwa hadi Krismasi. Kazi ya Bibi Oddlaug ilikuwa mawe. Alikuwa anayaviringisha kwa mtaimbo, na wanaume walikuwa wanajifanya hawamtazami.

Machipuko yale, Mzee Magnar, mwenyekiti wa kamati yetu, alisimama mbele ya watu wote akatangaza kwamba Oddlaug ameshatoa jasho la kutosha. Kuanzia sasa atakaa ukumbini kuoka vafler, ile mikate laini inayookwa kwenye chuma cha moto, tunayoila na jamu. Akawekewa kiti chenye ngozi ya kondoo. Watu wakapiga makofi. Huku kwetu ukitaka kumheshimu mzee unamnyang'anya kazi mikononi, unampa upawa. Ni desturi nzuri sana ya kumuua mtu polepole huku anashukuru.

Maana yeye mwenyewe alishukuru, nisimsingizie. Alipenda makofi. Alipenda kiti. Alisema mbele yangu kwamba kumbe uzee una raha zake na hakuna aliyemwambia. Mafuta ya ini la samaki yalichacha kwenye kabati, kupika samaki kwa ajili ya mtu mmoja kukawa kazi kubwa, jioni ikawa ya mkate na jamu. Kama uliwahi kumwona mtu akizama huku anatabasamu, basi ulikuwa Hellevika.

Ikapita baridi moja, ikapita ya pili. Alianza kushika meza anapopita, halafu ukuta. Kuinuka kwenye kile kiti ikawa safari yenye vituo: anasogea ukingoni, anapumzika, anajisukuma kwa mikono, anarudi, anaanza upya. Mtu aliyewahi kuviringisha mawe ya gati akawa anaita watu wamfungulie chupa ya jamu. Tukasema ni umri.

Ule mwaka wa kipimo ulipofika, hospitali ya mjini ilimpa siku yake mnamo mwanzo wa majira ya baridi. Barafu iliwahi kuingia mwaka huo, barabara ikawa kioo. Solfrid akapiga simu, akaahirisha. Hakutaka mama yake aanguke njiani akienda kuangaliwa kama ataanguka. Fikiria hapo kidogo, kisha tuendelee.

Machipuko ya tatu, ukumbini, Bibi Oddlaug alikuwa kwenye kiti chake cha heshima akioka. Ndoo ya unga uliokorogwa ilikuwa chini ya meza. Hakuinuka, kwa nini ainuke, si ameambiwa akae? Aliinama pale pale alipoketi, mgongo umepinda, kiuno kimesokotwa, akaivuta ndoo. Akasikia kitu ndani ya mgongo, kama kijiti kikavu kimekanyagwa.

Hakusema. Ni mtu wa huku kwetu. Aliendelea kuoka mpaka mtu wa mwisho akala, akaenda nyumbani akasema ni baridi imempata kiunoni. Siku chache baadaye nilimkuta barazani ananyoosha mkono kulifikia koti lake kwenye ndoano. Hakulifikia. Alinitazama kwa hasira kabisa akaniuliza nani amepandisha ndoano.

Ndoano ilikuwa pale pale. Yeye ndiye aliyeshuka.

Alipopelekwa hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Kipimo cha mifupa, ambacho sasa kilifanywa haraka, kilionyesha kwamba mifupa ilikuwa imeporomoka, ya mgongo na ya nyonga pia. Daktari Vigdis aliuliza kwa upole kipimo cha mwanzo wa baridi kiliishia wapi, na Solfrid akainamisha kichwa. Akauliza mama alikuwa anabeba nini katika miaka hii miwili. Solfrid akajibu kwa fahari ndogo iliyobaki kwamba alikuwa habebi kitu chochote, walihakikisha.

"Ndiyo," daktari akasema. "Naona."

Akawaeleza kwamba mfupa ni kitu hai. Ukiupa kazi unajijenga, ukiupumzisha unajipunguza, kama kijiji kinachofunga shule kwa kukosa watoto. Vidonge vilikuwa vimeulinda. Vilipoondoka, kilichotakiwa kuushika ni mzigo, misuli na chakula, na vyote vitatu viliondolewa kwa mapenzi makubwa.

Ungedhani Solfrid alielewa. Wapi. Hofu ikishaingia kichwani mwa mtu inasikia inachotaka. Jumapili iliyofuata, mezani, akiwa amemkatia mama yake viazi vidogo vidogo kama vya mtoto, alisema ameshauliza mjini. Kuna makazi ya wazee, kila kitu kiko sakafu moja, chakula kinaletwa, ukivuta kamba mtu anakuja. Afisa wa halmashauri atakuja vuli kumtazama, akiona hawezi kuishi peke yake atapewa chumba. Nyumba itafungwa, baadaye wataona.

Bibi Oddlaug alitafuna kiazi chake chote kwanza.

"Nani amesema nataka kamba?" akauliza.

"Mama, umevunjika mgongo kwa kuoka vafler."

"Ndiyo. Kwa kuoka. Miaka arobaini nimebeba mawe sikuvunjika. Mmeniweka kwenye kiti nikavunjika."

"Usigeuze maneno."

"Nayanyoosha, mwanangu. Mgongo siwezi tena kuunyoosha, niachie angalau maneno."

Wakabishana mpaka samaki akapoa, kisha wakapatana kwa namna ambayo watu wakaidi hupatana, yaani kwa kuwekeana dau. Afisa akija vuli akisema Oddlaug hawezi, Oddlaug atafunga virago mwenyewe wala hatanung'unika. Akisema anaweza, Solfrid hatalitaja tena neno makazi ndani ya nyumba ile. Walishikana mikono juu ya bakuli la siagi.

Sasa nieleze jambo ambalo wapenda ushujaa hawatalipenda. Bibi Oddlaug aliporudi kwa daktari, alikuwa amevimba ujeuri hadi masikioni. Akaambiwa inabidi arudi kwenye dawa, safari hii ya kuingizwa kwenye mshipa mara moja kwa mwaka. Akakataa. Alisema yeye alishamaliza, watu wote ni mashahidi, keki ililiwa. Daktari Vigdis hakubishana. Alimwonyesha picha ya mgongo wake, akamwekea kidole kwenye pingili iliyo juu ya ile iliyobonyea, akamwambia hii ndiyo inayofuata.

Bibi Oddlaug aliitazama muda mrefu. Akakunja mkono wa sweta, akatoa mshipa. "Tia," akasema. "Na ikiisha hii uniambie siku hiyo hiyo kinachofuata, na uniandikie kwa herufi kubwa. Na umwandikie huyu pia." Alimwonyesha Solfrid kwa kidevu.

Nikasimuliwa hayo, nikajua kwamba hapo ndipo alipoanza kushinda. Ukaidi wake ulikuwa umepata macho.

Maumivu yalipotulia alipelekwa kwa Ingunn, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye kituo cha afya, mwanamke mpole mwenye mikono kama koleo. Siku ya kwanza Bibi Oddlaug alimwambia ampe kitu kizito wasipotezeane muda. Ingunn akampa fimbo ya ufagio.

"Hii?" Bibi akauliza. "Mimi nimezaa kitoto cha kilo tano."

"Ndiyo hiyo. Ujeuri wako ni mzuri, mama, lakini nao una dozi. Ukizidisha unakuua kama dawa nyingine."

Akamfundisha kuinama upya, kazi ambayo alidhani aliijua tangu utoto: nyonga zirudi nyuma, magoti yakunje, mgongo ubaki umenyooka, mzigo uwe karibu na mwili, na kamwe asijisokote akiwa ameinama. Akamfundisha kuinuka kwenye kiti kigumu bila kutumia mikono. Akamfundisha kusimama mguu mmoja huku ameshika ukingo wa sinki. Fimbo ya ufagio ikaja kuwa chupa za maji, chupa zikawa vyuma vidogo, na vyuma vikaongezeka taratibu, Ingunn akitazama kila pingili kama mlinzi wa benki.

Nyumbani alihamisha vitu. Kitanda alitaka kirudi ghorofani, na mimi na baba tulikipandisha tukifokewa njia nzima kwamba tunainama vibaya. Kuni aliamuru zirudi chini. Ingunn alimwambia aanze na gogo moja kila safari, akaanza na moja. Mafuta ya ini la samaki yalinunuliwa mapya, samaki wa makareli wakarudi kwenye kikaango, na alipokula mayai alinitazama machoni kana kwamba mimi ndiye niliyemkataza. Njia yenye barafu alisema ataivukia na vyuma vya kuvaa chini ya viatu. Zamani aliviita vyuma vya waoga.

Kijiji kilicheka, na msicheke sasa mkajifanya hamkucheka. Mzee Magnar alimkuta anapanda kilima cha kanisa na shanta mgongoni, ndani yake mna viazi, akasimamisha gari, akateremsha kioo.

"Oddlaug, unajiandaa kwa Olimpiki?"

"Najiandaa kubeba jeneza lako, ndugu yangu. Nasikia umenenepa."

"Panda gari bwana, utaanguka."

"Nimeshaangushwa na wewe mara moja, Magnar. Na kiti chako cha ngozi ya kondoo."

Magnar alipandisha kioo. Nasikia alikaa ndani ya gari muda kidogo kabla ya kuondoka. Yeye mwenyewe alikuwa na vidonge vyake vya mifupa, vilikwisha mwaka mmoja kabla, na hakumwambia mtu kwa sababu alidhani ni ugonjwa wa wanawake. Hilo alikuja kulisema baadaye, na kwa sauti ndogo.

Solfrid ndiye aliyeteseka zaidi msimu ule, lazima nimtendee haki. Kila Jumapili alikuja akakuta mama yake anafanya kitu cha kumtoa roho. Mara yuko kwenye ngazi na kapu. Mara anachimba viazi amepiga magoti. Aliwahi kuniuliza uani kama nadhani yeye ni mtoto mbaya. Nilimjibu kwamba yeye ni mtoto mzuri mno na ndiyo shida yenyewe. Hakucheka.

Vuli ikafika, afisa wa halmashauri akaja. Alikuwa bwana mmoja mrefu, mstaarabu, aliyevua viatu mlangoni na kubaki na soksi za sufu. Solfrid alikuwepo, na Bibi Oddlaug aliniita nije kunywa kahawa, eti kwa bahati tu. Afisa aliuliza maswali yake kwa upole. Anajipikia? Anajipikia. Anaoga mwenyewe? Anaoga, na hataki watazamaji. Kisha akamwomba akae kwenye kile kiti cha kujilaza na ainuke bila kutumia mikono.

"Anza wewe," Bibi Oddlaug akasema.

Afisa akatabasamu, akakaa. Kiti kikammeza. Alijaribu kuinuka bila mikono, miguu ikapepea, akajaribu tena, akashika mikono ya kiti akajivuta na uso mwekundu. Alikuwa na miaka arobaini labda.

"Hicho si kiti," Bibi akasema. "Ni mtego wenye ngozi." Akavuta kigoda cha mbao kutoka pembeni ya jiko, akakaa, akakunja mikono kifuani, akainuka. Akakaa tena, akainuka. Kisha akaondoka bila kuaga. Tukamsikia anashuka ngazi za chini ya nyumba, polepole, na baadaye anapanda, polepole vile vile. Akaingia na magogo kwenye kapu, akapiga magoti mgongo ukiwa wima, akayaweka kando ya jiko moja moja.

Alikuwa anahema. Alikuwa mfupi kuliko zamani, na bega moja lilikuwa limeshuka. Hakuna muujiza uliotokea, nisije nikasema uongo. Pingili iliyobonyea haikurudi. Lakini alikuwa amesimama katikati ya jiko lake mwenyewe na vumbi la magome kifuani.

Afisa akasema haoni sababu ya chumba. Mjini kuna watu wanaokihitaji kweli.

Hapo Solfrid akapasuka. Alisema leo ameweza, kesho je? Alisema si yeye atakayepigiwa simu? Alisema yeye ndiye aliyemkuta marehemu baba yake sakafuni, peke yake, asubuhi, na hataki kufungua mlango ule tena akakuta mtu mwingine. Alisema yote hayo akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza mimi nikaelewa kwamba kile kiti cha ngozi hakikununuliwa kwa ajili ya Bibi Oddlaug. Kilinunuliwa ili Solfrid apate usingizi.

Mama yake alimsogelea, akamshika mikono yote miwili.

"Siwezi kukuahidi sitaanguka," akasema. "Nitavaa vyuma vyangu, nitawasha taa, nitaondoa zulia la barazani unalolichukia. Lakini nikianguka, Solfrid, nianguke ninakwenda mahali. Mlinikalisha ili nisivunjike, nikavunjika nikiwa nimekaa. Sikalishwi tena. Wala na wewe, wala na Magnar, wala na mfalme akija mwenyewe."



"Na wewe una miaka hamsini na mbili," mama akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Hedhi imeshakata, unakula biskuti chakula cha mchana, unafundisha umekaa, unaendesha gari kwenda dukani. Mifupa uliyonayo umeitoa kwangu. Unadhani ninayemwogopea ni nani?"

Afisa akaanza kuvaa viatu.

Wiki ile ile Solfrid aliomba siku hospitalini, akapimwa mifupa yake mwenyewe. Ilikuwa imeanza kupungua, kidogo, bado mapema. Alirudi Hellevika jioni, hakuvua hata koti, akamuuliza mama yake ile fimbo ya ufagio inashikwaje.

FUNZO

Sasa nizungumze bila kuchekesha, ingawa najua itaniuma.

Dawa ya mifupa ikiisha, kazi haijaisha. Imebadilisha mikono tu. Siku daktari anapokuambia umemaliza, usiondoke kwenye kile kiti kabla hujamuuliza: nini kinafuata, na nipimwe tena lini? Ziko dawa zinazoweza kupumzishwa kwa muda, na ziko nyingine, hasa za sindano, ambazo ukiziacha ghafla bila kupewa ya kushika nafasi yake, mgongo unaweza kuvunjika mfululizo. Usiamue mwenyewe, na usiamuliwe na jirani mwenye hadithi nyingi, hata akiwa mimi. Na siku ya kipimo ikikuta barafu, iahirishe kama huna budi, lakini ipange nyingine kabla hujakata simu.

Kisha upe mfupa kazi. Beba, panda, inuka, kwa kufundishwa na kwa kuongeza taratibu, hasa kama umeshavunjika. Kula kama mtu anayejenga, si kama mtu anayengoja. Na wewe mwanaume unayesoma huku unasema hayakuhusu, Magnar alisema hivyo hivyo.

Lakini maneno yangu makali nimewawekea watoto na majirani. Acheni kuwazika wazee wetu ndani ya mito laini. Ukimwona mama yako anabeba kapu, usimpokonye. Mtengenezee ngazi, mwashie taa, mtandikie njia mchanga juu ya barafu, kisha utoke mbele yake apite. Ukimwogopea, mwambie kwamba unaogopa. Hofu yako ni yako, usimnunulie kiti cha kuikalia.

Na ninyi wazee mliokalishwa, mnaosoma haya mkiwa mmenyanyuliwa miguu na blanketi magotini, hakuna kamati wala mtoto wala makofi yenye haki ya kuwastaafisha kutoka kwenye miili yenu. Kataeni. Kwa adabu kama mnaweza, na bila adabu kama hawasikii.